Jirani yangu anajua jina la kila kijito na jabali kwa Kigaeli. Niyarekodi vipi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa nne naishi Wester Ross, kaskazini-magharibi mwa Uskoti. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Jirani yangu mmoja ni mzee wa miaka 86 aliyechunga kondoo maisha yake yote, na Kigaeli ndiyo lugha aliyolelewa nayo. Tukikaa dirishani kwake hunionyesha mlima na kunitajia majina: jiwe lile linaitwa hivi, kijito kile kinaitwa vile, na mengi hayamo kwenye ramani yangu. Watoto wake wako mbali na Kigaeli hawakijui sana. Amekubali niyaandike. Nimeanza daftari: kila neno nalitafuta kwenye kamusi ya intaneti na kuandika tafsiri yake kwa Kiswahili. Lakini nusu ya maneno siyapati, na mengine maana ninayoiona si ile anayoisema mzee. Nifanyeje ili kazi hii iwe na faida? Na pale mzee na kitabu wanapotofautiana, niandike ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umepata mwalimu ambaye vyuo vingi vingemtamani, na umepata ruhusa yake. Hilo ni gumu kuliko yote yatakayofuata.

Daftari lako, hata hivyo, umelianzia mwisho. Umekimbilia maana, na maana ndicho kitu cha mwisho kuandikwa. Fikiria mtu atakayelifungua daftari hilo miaka 50 ijayo. Akikuta jina lilivyotamkwa, mahali hasa lilipo, na habari za aliyelitaja, anaweza kukaa mezani kwake Edinburgh akaitafuta maana kwa utulivu. Akikuta “jabali la tai” peke yake, hana kitu mkononi. Jabali lipi? Tai kwa neno gani la Kigaeli? Nani kasema? Siku mzee wako atakapoondoka, jina litaondoka naye. Maana inaweza kufukuliwa baadaye, mradi jina limebaki.

Wala usidhani kuna wengine wengi watakaokuja kuifanya kazi hii. Sensa ya 2022 ilihesabu wasemaji wa Kigaeli karibu 70,000 Uskoti nzima, na idadi ilikuwa imepanda tangu 2011. Ni habari njema, lakini sehemu kubwa ya wasemaji hao wapya wamejifunza shuleni na mijini. Watakisoma Kigaeli vizuri kuliko mzee wako, pengine. Jina la jiwe ambalo kondoo hujificha chini yake upepo ukivuma kutoka magharibi, hilo hakuna shule inayolifundisha.

Basi tuanze na sauti. Simu yako inatosha. Zima televisheni, funga dirisha, weka simu juu ya kitambaa karibu naye, kisha taja tarehe, mahali mlipo na jina lake kabla hamjaanza. Mwombe kila jina alitaje peke yake mara mbili, halafu alitie ndani ya sentensi ya Kigaeli, kama vile “nilipanda mpaka...” au “kondoo walikuwa juu ya...”. Sentensi ndiyo itakayokuonyesha kama jina lina kibainishi mbele yake (kama the ya Kiingereza), yaani an, a' au na. Mtu akitaja jina kavukavu huenda akakiacha, na mchora ramani naye huenda alikiacha.

Usiitegemee tahajia ikuambie sauti. Pale kwenu kuna mlima mkubwa wa Liathach, juu ya kijiji cha Torridon. Ukiusoma kwa kanuni za uandishi, ile th ya katikati inakuwa h hafifu. Lakini utawasikia wenyeji wakiweka g hapo katikati. Huyo si mtu anayekosea jina la mlima wake. Ni ushahidi, na hautakuwamo kwenye kitabu kama hukuuandika.

Hapa Kiswahili chako cha Tanga kitakufaa kuliko unavyofikiri. Sauti inayoandikwa gh au dh katika Kigaeli, ikiwa karibu na a, o au u, ni ile gh yetu ya ghali na ghorofa. Ile ch ya loch ni kh ya kheri na Sheikh. Wageni wengi wanaojifunza Kigaeli huhangaika na sauti hizi miaka mingi, nawe ulizaliwa ukizisikia. Kwa hiyo chini ya kila jina andika pia lilivyoingia sikioni mwako, kwa herufi za Kiswahili: lokh, ghal, vor. Vokali zetu tano hazibadiliki badiliki, ndiyo maana maandishi ya namna hiyo yatamsaidia mtaalamu. Tahajia rasmi ya Kigaeli, yenye herufi 18 na alama zake za mkwaju juu ya vokali, waachie wanaoijua. Wataiweka juu ya maandishi yako baadaye. Alama hizo zisipuuzwe unaponakili kutoka ramani. Bata ni fimbo, bàta ni mashua. Sàil ni kisigino, na sail isiyo na alama ni boriti. Beinn Eighe, jirani ya Liathach, ina bega linaloitwa Sàil Mhòr, yaani kisigino kikubwa. Ondoa alama uone umeweka kitu gani mlimani.

Jambo moja nakusihi: usimsomee ramani. Ukimwuliza “Kile ndicho fulani?”, mzee mwenye adabu atakuitikia ndiyo, ama kwa kuwa hakukusikia vizuri, ama kwa kuwa hataki kukuvunja moyo. Uliza “Kile mlikuwa mkikiitaje nyumbani?” kisha unyamaze. Ramani itoke mezani baada ya yeye kumaliza.

Sasa mahali. Dirishani ni pazuri kwa mazungumzo na pabaya kwa kurekodi. Kidole cha mtu aliyeketi kinaelekea mahali pamoja, jicho la aliye kando yake linaona pengine. Mlima ukiwa umbali wa kilomita tatu, kosa la upana wa kidole ni jabali jingine kabisa. Fanya hivi: siku ya anga safi, simama pale dirishani upige picha za mlima mzima vipande vipande, uzichapishe kubwa, na mzee atie alama kwa kalamu. Kisha panda mwenyewe, upige picha ya kila alama kwa karibu, urudi umwonyeshe. Atakurekebisha. Ukifika pale mlimani soma namba za gridi ya Uingereza kwenye simu: herufi mbili, ambazo kwa Torridon ni NG, halafu tarakimu. Tarakimu sita zinakuweka ndani ya mraba wa mita 100, nane ndani ya mita 10. Kwa jiwe au chemchemi nataka nane.

Tena uliza jina linaanzia wapi na kuishia wapi. Hili wengi hulisahau. Kijito kimoja kinaweza kuwa na jina moja juu kwenye majani, jingine kinapopita kwenye mawe, na la tatu kinapoingia ziwani. Mlima ambao ramani imeupa jina moja unaweza kuwa, kwa mchungaji, majina kumi na mawili ambayo hata moja halihusu mlima mzima. Ramani ilichagua moja ikalipandisha juu.

Tatu ni msemaji. Alizaliwa wapi, alilelewa upande gani wa ziwa, jina hilo alilisikia kwa nani: baba, mama, au mchungaji mwenzake aliyetoka kisiwani? Watu wa kijiji cha ng'ambo wanaweza kuwa na jina lao kwa jabali hilohilo, na wote wawili wako sawa. Pia maneno yenyewe hubadilika kwa mahali. Lòn sehemu nyingi ni mbuga yenye majimaji; ukivuka kwenda kisiwa cha Skye, ni kijito kinachokwenda polepole. Sliabh kule Ireland ndilo neno la kawaida la mlima, na katika Uskoti mara nyingi ni mteremko au uwanda wa nyasi. Kamusi ya Kiayalandi itakupoteza hapo. Tumia ya Kigaeli cha Uskoti. Kubwa kuliko zote bado ni ile ya Edward Dwelly, iliyotoka kwa mafungu kati ya 1901 na 1911, nayo ina maneno mengi ya mashambani ambayo kamusi za leo zimeyaacha. Dwelly alikuwa Mwingereza aliyejifunza lugha hiyo ukubwani, kwa hiyo usione haya.

Vitu hivyo vitatu vikishawekwa, ndipo uyalinganishe majina ya mzee na yaliyokwisha kuandikwa. Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, iliipima Uskoti kwa ramani kubwa za inchi sita kwa maili moja kati ya 1843 na 1882. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeziweka zote kwenye intaneti bure, na unaweza kuzilaza juu ya picha ya setelaiti ukaona jina la zamani limekalia jiwe gani. Nyuma ya ramani hizo kuna vitabu vya majina. Wapimaji walipita na madaftari yenye safu: jina, namna mbalimbali linavyoandikwa, nani ameithibitisha tahajia, liko wapi, na maelezo mafupi. Vitabu hivi navyo vinasomeka kwenye intaneti.

Soma safu ya waliothibitisha tahajia kuliko safu nyingine yoyote. Wapimaji wengi hawakujua Kigaeli. Waliagizwa kuuliza watu wenye hadhi, kwa hiyo mara nyingi utakuta majina ya mwenye ardhi, msimamizi wake, kasisi na mwalimu. Mchunga kondoo na mwanamke wa kukamua maziwa, waliopita mahali hapo kila siku, huwaoni sana. Kumbuka pia kwamba wenye majina hasa walikuwa wamekwisha kutolewa sehemu nyingi. Mwaka 1792 watu wa Ross wanauita Bliadhna nan Caorach, mwaka wa kondoo, kwa sababu ndio mwaka walipojaribu kuwafukuza kondoo wa mabwana kutoka kwenye malisho yao na wakashindwa. Kondoo walikuja na wachungaji kutoka kusini, wasiojua Kigaeli. Kwa hiyo ramani ikisema jina hili na mzee akasema lile, usimfute mzee. Andika yote mawili kama yalivyo, herufi kwa herufi, kila moja na chanzo chake.

Kwa eneo lako una bahati moja zaidi. William J. Watson, mzaliwa wa Ross na msemaji wa Kigaeli tangu utoto, alichapa mwaka 1904 kitabu cha majina ya mahali ya Ross na Cromarty, parokia kwa parokia. Kina makosa yake, lakini mwandishi aliwauliza wenyeji na alijua kusikiliza.

Haya, sasa maana. Umesema nusu ya maneno huyapati kwenye kamusi. Nadhani najua sababu, na sababu hiyo wewe unaijua kuliko mwanafunzi wa Kiingereza. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikutana na “nyembamba” akalitafuta kwenye N, halipati. Wewe unajua aende kwenye -embamba. “Kuta” anaitafuta kwenye K, wewe unamwambia ni ukuta. Kigaeli nacho hubadilisha mwanzo wa neno. Mòr, kubwa, baada ya nomino ya kike huwa mhòr na hutamkwa kwa v: càrn mòr, lakini beinn mhòr. B inakuwa bh, c inakuwa ch, f inakuwa fh ambayo kwa kawaida haitamkwi. Ukiona h ikiwa herufi ya pili ya neno, itoe kisha utafute. Na neno hubadilika pia linapokuwa la mwenye kumiliki: each ni farasi, an eich ni wa farasi mmoja, nan each ni wa farasi wengi. Allt, kijito, huwa uillt.

Viungo hivi vidogo usivipite haraka. Chukua Bealach na Bà, njia maarufu ya kuvuka mlima kwenda Applecross, inayopanda hadi mita 626 juu ya bahari. Vibao na vitabu vya watalii huitafsiri kwa wingi, njia ya ng'ombe wengi, kwa kuwa watu wanajua mifugo iliswagwa hapo. Lakini na bà ni umoja. Wingi ungekuwa nam bò. Sarufi inasema ng'ombe mmoja, na jike. Tazama Kiswahili kinavyokuficha hapa: “njia ya ng'ombe” kwetu ni mmoja na ni mia, huwezi kujua. Ndiyo maana nasema tafsiri ya Kiswahili iwe safu ya mwisho kabisa, na kando yake uandike umoja au wingi.

Utapata shida kubwa zaidi kwenye majina ya milima yenyewe. Sisi tuna mlima, kilima, kilele, kisha tunaanza kueleza. Kigaeli kina neno kwa kila umbo. Beinn ni mlima kwa jumla. Sgùrr ni kilele cha mawe chenye ncha na kingo kali. Meall ni bonge, mlima wa mviringo usio na ncha. Càrn ni rundo la mawe, au mlima unaofanana na rundo hilo. Stob ni kama kigingi kilichochomoza, cnoc ni kilima kidogo cha kupandwa kwa dakika chache. Ukiandika “mlima” kwa yote hayo, umefuta picha ambayo aliyetoa jina aliichora kwa makusudi. Andika umbo: mlima wa bonge, mlima wa rundo la mawe. Coire, lile bonde la duara lililochimbwa ubavuni mwa mlima, ni neno la chungu kikubwa cha kupikia. Basi liwe chungu hata kwa Kiswahili, litaeleweka. Na loch usiliandike ziwa kila mara. Loch Maree ni ziwa, ila Loch Torridon ni bahari iliyoingia nchi kavu, na mtu wa pwani ana neno lake: hori.

Mwili nao umejaa mlimani. Sròn ni pua, druim ni mgongo, gualann ni bega, ceann ni kichwa, cìoch ni titi. Haya andika kama yalivyotajwa. Kuna jabali katika milima ya Cairngorm ambalo ramani za Kiingereza huliita ncha ya shetani. Jina lake la Kigaeli ni Bod an Deamhain, na bod si ncha, ni uume. Inasimuliwa kwamba tafsiri hiyo ya heshima ilitolewa kwa ajili ya Malkia Victoria. Ukipata jina la namna hiyo kwa mzee, wala usilipambe wala usiliache. Mwulize tu kama ana kizuizi chochote lisomwe na watu wa nje.

Rangi zitakusumbua, na hapo pia nakuomba ukumbuke kwetu. Kijani tumeipata kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, na mzee wa zamani angeweza kumaliza siku nzima na nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kwa hiyo hatupaswi kushangaa Kigaeli kinapogawa rangi kwa mistari yake. Gorm kwenye kamusi ni buluu, lakini nyasi nzuri za malisho nazo ni gorm. Glas iko kati ya kijivu na kijani. Liath ni kijivu, nalo limo ndani ya jina la Liathach. Dearg ni nyekundu kali. Ruadh ni nyekundu ya kutu, ya manyoya ya mbweha, ya majani ya mlimani yakishakauka. Usiamue kwa kamusi. Nenda mahali penyewe mwezi wa Mei, urudi Oktoba, uandike umeona nini. Bonde linaloitwa la buluu huenda ndilo lenye majani ya kwanza kuota.

Nami nilijifunza hili kwa kukosea. Zamani nilirekodi bonde moja lenye neno damh. Nilijua damh ni ayala dume, yule mnyama wa zaburi anayeionea shauku mito ya maji, na ayala walikuwa wamejaa kote pale, nikaandika hivyo bila kuuliza. Miaka miwili baadaye bibi mmoja wa kijiji kile aliniambia kwamba babu zake walipeleka huko maksai wa kulimia wapumzike baada ya kazi ya masika. Damh ni maksai pia. Kamusi ilikuwa imeniambia. Sikusoma mstari wa pili. Tangu siku hiyo simwulizi mtu “jina hili lina maana gani?” kabla sijamwuliza “pale mlikuwa mkifanya nini? Nani alikwenda, na msimu gani?” Swali la maana humfanya mtu abahatishe ili akuridhishe. Swali la kazi humfanya akumbuke. Mwulize mzee wako habari za àirigh, vibanda vya malisho ya kiangazi ambako wanawake na vijana walihamia na ng'ombe, wakikamua na kutengeneza siagi na jibini. Yeye hakuyaona, lakini bibi yake huenda aliyasimulia. Majina mengi ya juu, yanayoonekana hayana sababu huko mawinguni, yanaeleweka ukijua kwamba watu walilala pale kila kiangazi.

Kuna maneno ambayo hutayapata katika kamusi yoyote ya Kigaeli hata utoe kila h, kwa sababu si ya Kigaeli. Waviking walikaa pwani yenu. Shieldaig, kwa lugha yao ya Kinorse, ni síld na vík, ghuba ya samaki aina ya heringi. Diabaig ni ghuba yenye kina kirefu. Ukiona jina la pwani linaishia na -aig, shuku vík kwanza. Wagaeli waliyapokea majina hayo, wakayatamka kwa ulimi wao, na mara nyingine wakaongeza neno lao mbele bila kujua la zamani lilisema nini. Kisiwani Barra kuna Beinn Tangabhal, na -bhal ile ni fjall ya Wanorse, yaani Waviking hao, mlima; basi mlima umetajwa mara mbili. Chini ya Wanorse wako Wapikti, wenyeji wa kale zaidi, ambao aber yao, mlango wa mto, inalingana na inbhir ya Kigaeli.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali lako la mwisho: mzee na kitabu wakitofautiana. Applecross, kwa Kiingereza, inasikika kama tofaa na msalaba, na hadithi zimetungwa kuhusu mti wa matofaa. Jina la kale ni Aporcrosan, mlango wa mto Crossan. Wagaeli wenyewe hawapaiti hivyo. Wanapaita A' Chomraich, mahali pa hifadhi, kwa sababu ya monasteri aliyoianzisha mtakatifu Maol Rubha mwaka 673, ambako mkimbizi hakuguswa. Loch Maree nayo wengi huisikia kama ya Mariamu, kumbe ni Loch Ma-Ruibhe, ya huyohuyo Maol Rubha. Katika majina haya mawili wataalamu wana maandishi ya kale ya kusimamia. Kwa jiwe la mzee wako hakuna maandishi, yuko yeye.

Kwa hiyo tenga safu mbili, na usizichanganye kamwe. Ya kwanza: asemavyo mwenyeji, kwa maneno yake, na hadithi yake yote hata kama unaona haiwezekani. Ya pili: sarufi na historia zinavyoonyesha, na jina la aliyesema hivyo. Hadithi inayokosea chanzo cha neno bado ni ya kweli kuhusu watu: inaonyesha walichokiona walipopatazama mahali hapo. Sisi wenyewe tumesimuliana kilima na njaro tangu utoto, na asili ya jina la Kilimanjaro bado inabishaniwa, lakini hakuna anayetaka masimulizi hayo yafutwe. Majina mengine yana maana mbili zenye nguvu sawa. Sgùrr nan Gillean kule Skye wengi husema ni kilele cha vijana. Wengine wanaona humo gil ya Kinorse, korongo. Ziandike zote. Na pale ambapo hakuna lolote, acha safu ya pili wazi. Safu tupu ina heshima kuliko dhana iliyovaa nguo za ukweli, maana dhana hiyo itanakiliwa kesho kwenye kibao cha barabarani na mzee wako hatakuwepo kuikanusha.

Kuhusu tafsiri ya Kiswahili, usiiache, ila uwe mwangalifu na vitu visivyo na mwenzake kwetu. Sìthean, kilima kidogo cha kijani ambamo wanasema wanaishi viumbe wasioonekana, utashawishika kukiita kilima cha majini. Msomaji wa Tanga atakuja na majini yake yote, na hao si wale. Liache neno la Kigaeli, ulieleze kwa sentensi moja.

Mwisho ni pa kuyaweka. Kwanza ridhaa, kwa maandishi, ikisema sauti yake itumike wapi na nani aisikie, na nakala ibaki kwake na kwa watoto wake. Mambo ya watu walio hai, ugomvi wa mpaka, msiba uliotokea kwenye jabali fulani, mwulize mara ya pili kabla hujayatoa nje ya chumba kile. Kisha waandikie Ainmean-Àite na h-Alba, chombo cha taifa kinachotafiti majina ya Kigaeli, chenye makao yake katika chuo cha Sabhal Mòr Ostaig kisiwani Skye. Hao ndio watakaokusaidia tahajia. Chuo Kikuu cha Edinburgh kina hifadhi ya Taasisi ya Mafunzo ya Kiskoti, ambayo imekuwa ikikusanya sauti za watu kama mzee wako tangu 1951. Nyingi kati ya sauti hizo zinasikilizwa bure kwenye tovuti ya Tobar an Dualchais. Tafuta humo jina la parokia yenu. Huenda ukakuta sauti ya mjomba wake au jirani wa zamani, na ukimchezea sauti hiyo siku moja mkiwa mmeketi, majina ambayo hata yeye alikuwa ameyasahau yatarudi.

Kabla hujafanya lolote, rudi kwenye kurasa ulizokwisha kuandika. Usizichane. Kesho chukua simu na picha za mlima uende nazo kwake, mwombe ayataje upya yale uliyokwisha kuyatafsiri, moja moja, kuanzia kijito kinachopita nyuma ya nyumba yake.